UZI: "Wanafanyia ng'ombe wetu majaribio!" Hebu tuelewane kuhusu wanyama, vyuo na kibali cha maadili

Huu uzi ni mrefu kidogo, vuteni viti.

Kuna sentensi moja ambayo haikosi kwenye mikutano huku kwetu, kuanzia Kitale hadi Bungoma, hasa mkutano ukiwa karibu na soko la mifugo: "Hawa watu wanafanyia ng'ombe wetu majaribio." Umati unashangilia, msemaji anarukia barabara na mbolea, na maisha yanaendelea. Hakuna anayeuliza: majaribio gani? Ya nani? Kwa kibali cha nani?

Mwishoni mwa 2024 sentensi hiyo ilipata nguvu mpya. Serikali ilitangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo na ule wa PPR, yaani sotoka ya mbuzi na kondoo. Mitandao ikawaka. Mara chanjo ni jaribio la matajiri wa ng'ambo, mara ng'ombe watazuiwa kutoa gesi, mara maziwa yatakauka.

Leo siingii kwenye ugomvi wa chanjo. Nataka tu tutenganishe vitu vitatu ambavyo wanasiasa wa pande zote huvitia kwenye gunia moja.

Chanjo ya kampeni ni dawa ambayo inatakiwa iwe imeshamaliza majaribio kabla haijafika zizini kwako. Utafiti ni pale mtu hajui jibu na anatumia mnyama kulitafuta. Mafunzo ni pale jibu linajulikana tangu zamani, ila mwanafunzi ndiye bado hajui, kwa hivyo anapasua panya ili aone ini liko wapi.

Hivi viwili vya mwisho, utafiti na mafunzo, ndivyo vinavyohitaji kibali cha maadili. Na hapo ndipo wengi wetu hatujui hata pa kuanzia.

Tuanze na sheria. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ya mwaka 1962. Ndiyo, imewatangulia wengi wanaosoma uzi huu, na hata uhuru imeutangulia. Ndani yake mna sehemu inayohusu majaribio: huwezi kuamka tu na kumfanyia mnyama jaribio bila leseni, na jaribio lenye maumivu lina masharti yake ya dawa ya usingizi.

Shida ya sheria hiyo ni uzee. Adhabu ya kosa la ukatili ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Elfu tatu! Nenda Chwele siku ya soko uone kama utapata mbuzi wa maana kwa pesa hizo. Ukisikia mheshimiwa anasema "tuna sheria kali za kulinda wanyama", muulize kama amezisoma.

Safu ya pili ni Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, iliyounda NACOSTI. Hii ndiyo inayosema kwamba mtu yeyote anayefanya utafiti Kenya lazima awe na leseni, awe Mkenya au mgeni, profesa au mwanafunzi. NACOSTI ndiyo pia inayoidhinisha kamati za maadili zilizoko vyuoni na kwenye taasisi. Kwa hivyo kamati si kikundi cha marafiki wa mkuu wa idara. Inafanya kazi kwa idhini, na idhini hiyo inaweza kuondolewa.

Sasa njia yenyewe ikoje? Tuseme kuna binti wa Chwele anayesoma Kibabii, anataka kuchunguza kama mti shamba fulani unasaidia kuku wenye kideri, ugonjwa wa Newcastle. Wazo zuri. Nyanya yake ametumia dawa hiyo miaka yote.

Anaandika pendekezo, msimamizi anasaini, chuo kinapitisha. Halafu linaenda kwa kamati ya maadili. Chuo kikiwa hakina kamati inayoshughulikia wanyama, ombi linapelekwa kwa kamati ya taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Kamati ikikubali, anaomba leseni ya NACOSTI. Akiipata, anajitambulisha kwa ofisi za kaunti atakayofanyia kazi. Ndipo aguse kuku wa kwanza.

Ndipo. Hilo neno ndilo linaloua wanafunzi. Kamati haitoi kibali cha nyuma. Ukianza kudunga kuku mwezi wa tatu na kibali kikaja mwezi wa sita, zile takwimu za miezi mitatu zimeoza. Majarida ya maana hayazichapishi, na mtahini mkali anaweza kuikataa tasnifu nzima. Karo imeenda, kuku wamekufa, na hakuna jibu.

Kwa hivyo mtu akikwambia kibali ni "urasimu wa Nairobi", yuko sahihi nusu. Kusubiri kunauma, na kamati ikikutana mara moja kwa miezi kadhaa, mwanafunzi wa kujilipia ndiye anayebeba gharama. Hilo ni suala halali la siasa: nani anafadhili kamati, inakutana mara ngapi, ina daktari wa mifugo au imejaa watu waliozoea kukagua dodoso tu? Sijawahi kusikia mgombea yeyote akiligusa.

Kamati inauliza nini? Msingi wake unatoka kwa Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, waliochapisha kitabu mwaka 1959. Wazo lao lina maswali matatu. Je, unaweza kupata jibu bila mnyama? Kama huwezi, unaweza kutumia wachache zaidi? Na hao wachache, unaweza kuwapunguzia maumivu na hofu?

Rahisi kusema. Sasa mrudie binti wetu na kuku wake. Kwanza: je, dawa hiyo imeshajaribiwa kwenye maabara, kwa mfano kwenye mayai yenye kiinitete, kabla ya kuku mzima? Pili: anataka kuku 200. Kwa nini 200? Nani alipiga hesabu?

Hapa watu wengi hushangaa. Kamati inaweza kukataa kwa sababu kuku ni WACHACHE mno. Ukitumia sita, watatu wapone na watatu wafe, hujajifunza kitu. Umetesa sita bure. Kwa macho yangu hiyo ni dhambi kubwa kuliko kutumia sitini ukapata jibu la uhakika. Kupunguza maana yake ni idadi inayotosha na hakuna ziada.

Tatu, na hili ndilo gumu: kundi la kulinganishia. Ili ujue dawa inafanya kazi, lazima kuwe na kuku wagonjwa ambao hawakupewa. Utawaacha wafe polepole kwa kideri, shingo zimepinda? Au utaweka alama: kuku akifikia hali fulani anatolewa kwenye utafiti na kuuawa haraka bila mateso? Kamati inataka alama hiyo iandikwe mapema. Nani atawaangalia Jumapili? Nani anajua kuua kuku bila kumtesa? Mizoga itachomwa wapi? Kideri kinaenea kwa kasi ya umbea. Virusi vikitoka kwenye banda la chuo, kesho viko kwa majirani.

Hilo la mwisho ndilo ningetaka wanasiasa wetu wapigie kelele. Mkulima wa jirani hana kiti kwenye utafiti huo, ila akipoteza kuku wake wote hakuna atakayemkumbuka. Ndiyo maana kamati nzuri huwa na mtu ambaye si mwanasayansi na si mfanyakazi wa chuo. Kazi yake ni kuuliza swali la kijinga ambalo maprofesa wamelisahau.

Tuje kwa mafunzo, kwa sababu hapa ndipo uzembe unapojificha. Wahadhiri wengi huona kwamba practical ya kila mwaka haihitaji kibali: "Tumefanya hivi tangu zamani, si utafiti huu." Lakini panya hajui tofauti kati ya utafiti na practical.

Piga hesabu. Darasa la wanafunzi 120, kila mmoja na panya wake: panya 120. Wakikaa sita sita: panya 20. Mhadhiri akipasua wawili mbele ya kamera na wengine wakafuata kwenye skrini: panya wawili. Somo ni lile lile. Kwa mwanafunzi wa zuolojia ambaye ataishia kufundisha sekondari, wawili wanatosha kabisa. Kwa yule anayesomea udaktari wa mifugo, hapana, yeye lazima mikono yake ijifunze, maana kesho atamfanyia ng'ombe wako upasuaji. Kamati inatakiwa ione tofauti hiyo. India, tume yao ya vyuo vikuu ilitoa mwongozo mwaka 2011 wa kupunguza upasuaji wa wanyama kwenye masomo ya zuolojia, na mbingu haikuanguka.

Swali lingine la mafunzo: panya hao wametoka wapi? Wamefugwa kwa kazi hiyo, au kuna kijana ametumwa kuwanasa ghalani kwa malipo ya kichwa? Na chura? Na sungura wa jirani? Mnyama asiyejulikana chanzo anaweza kuwa na ugonjwa, na wanaompasua ni watoto wenu.

(Kwa wanaouliza: mende na nzige kwa kawaida hawaingii. Kamati nyingi duniani hushughulikia wanyama wenye uti wa mgongo, na wengine huongeza pweza, kwa kuwa ana akili nyingi. Mende bado anasubiri mtetezi.)

Sasa tutoke maabarani twende kijijini, kwa sababu ndiko sentensi yetu ya "ng'ombe wetu" inakozaliwa.

Eneo hili limefanyiwa utafiti mwingi wa mifugo. Mradi wa ZooLinK, wa ILRI, Chuo Kikuu cha Liverpool na taasisi za hapa Kenya, ulifuatilia magonjwa yanayohama kutoka kwa wanyama kuja kwa binadamu katika kaunti za Busia, Bungoma na Kakamega. Sampuli zilichukuliwa masokoni, vichinjioni na hospitalini. Tunazungumzia vitu kama homa ya brusela, inayokuja na maziwa yasiyochemshwa, na minyoo ya nguruwe ambayo viluwiluwi vyake vikifika kwenye ubongo wa mtu vinaleta kifafa. Ukijua mtu kijijini aliyeitwa amerogwa kwa sababu ya kifafa, unajua kwa nini utafiti huo si anasa.

Katika kazi kama hiyo vibali ni viwili, na watu hawajui. Kuchukua damu ya ng'ombe kunahitaji kamati ya wanyama: sindano gani, damu kiasi gani, nani anamshika, ng'ombe mwenye mimba je? Lakini kumuuliza mwenye ng'ombe maswali kunahitaji kamati ya maadili ya binadamu, kwa sababu sasa unaingia maisha yake. Ana ng'ombe wangapi, anauza wapi, nani nyumbani ameugua. Na majibu yakionyesha ng'ombe wake ana brusela, ataambiwa? Soko likijua, nani atanunua?

Kwa hivyo mtafiti mwenye kibali kimoja tu kati ya hivyo viwili ameleta nusu ya makaratasi.

Halafu kuna lile la "damu yetu inapelekwa Ulaya". Hili nalo lina sheria. Sampuli za mifugo kutoka nje ya nchi zinahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo. Na anayetaka kutumia rasilimali za kijenetiki za nchi hii anaongozwa na kanuni za mazingira za 2006, ambazo zinataka kibali cha NEMA na makubaliano ya jinsi faida itakavyogawanywa. Ukiwa na shaka na mradi, uliza karatasi hizo kwa majina. Kelele ya jumla jumla humsaidia anayeficha, kwa sababu anajibu kwa jumla jumla pia.

Kwa wanyamapori, njia ni nyingine. Ukitaka kuchunguza nzohe wa Saiwa pale karibu na Kitale, huyo yuko chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na kibali cha chuo peke yake hakikufikishi popote.

Sasa nataka niseme jambo ambalo halitapendwa na upande wowote.

Utafiti mwingine unawatesa wanyama kwa makusudi, na sisi huku tunaishi kwa matunda yake. Chukua ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe ambao wafugaji wengi hapa huuita East Coast. Mwenye ndama wa gredi Kiminini au Kimilili anaujua vizuri: tezi zinavimba chini ya sikio, homa, kupumua kwa shida, kifo. Chanjo yake ilitengenezwa Muguga, kwenye shirika la utafiti wa mifugo la Afrika Mashariki, miaka ya 1970. Ng'ombe anadungwa vimelea hai na wakati huo huo anapewa oksitetrasaiklini, ili augue kidogo na apate kinga.

Unajua inatengenezwaje? Ng'ombe wanaambukizwa ndigana. Kupe wachanga wanawekwa juu yao wanyonye damu yenye vimelea. Kupe hao wakikomaa wanawekwa kwenye sungura wanyonye siku chache ili vimelea vikomae. Kisha kupe wanasagwa, na rojo hilo linagandishwa. Yaani nyuma ya ndama wako aliyepona kuna ng'ombe walioambukizwa makusudi na sungura waliofungwa kupe masikioni.

Muguga hiyo hiyo ndiko Walter Plowright alikotengeneza chanjo ya sotoka ya ng'ombe, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka hiyo imekwisha kabisa. Wazee wa Kibukusu na wa Kipokot wangekuambia sotoka ilikuwa nini.

Je, ilikuwa sawa? Mimi nasema ndiyo, lakini kwa sharti kwamba kuna mtu alikaa akauliza: hawa sungura ni wangapi, wanawekwaje, nani anawaangalia? Anayesema "majaribio yote ni ukatili" akubali kubaki na ndigana. Na anayesema "sayansi iachwe ifanye kazi yake" akubali kwamba aliyepewa mnyama bila kuulizwa chochote ataishia kuzembea. Si kwa ubaya. Kwa mazoea.

Ugomvi huu si wetu peke yetu, kwa njia. London, mwaka 1903, mbwa mmoja wa kahawia alipasuliwa mbele ya wanafunzi wa University College, ukazuka mzozo kama alikuwa amelala kweli au la. Wapinzani walimjengea sanamu Battersea mwaka 1906. Mwaka 1907 wanafunzi wa udaktari waliandamana kuipinga, polisi wakaingia kati. Mwaka 1910 baraza la mtaa likaiondoa usiku. Uingereza ilikuwa na sheria ya majaribio ya wanyama tangu 1876, na bado watu walipigana barabarani, kwa sababu sheria ilikuwepo lakini wananchi hawakuweza kuona kinachoendelea mle ndani.

Turudi nyumbani: nani wa kulaumiwa mambo yakiharibika? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imegawa kazi. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti ni serikali ya kitaifa. Sera ya mifugo, kitaifa. Lakini udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni kaunti. Na "udhibiti na ustawi wa wanyama", pamoja na leseni za mbwa, ni kaunti.

Maana yake? MCA akikuahidi kwamba atafunga utafiti wa chuo fulani, anakupiga chenga. Leseni ya utafiti haitoki bungeni kwake. Lakini akikwambia "hayo ni ya Nairobi, mimi sina uwezo", hapo pia anakupiga chenga. Bunge la kaunti ya Bungoma au Trans Nzoia linaweza kutunga sheria ya ustawi wa wanyama, linaweza kumwita afisa wa mifugo aeleze ni miradi gani iko kwenye kaunti, na linapitisha bajeti ya madaktari wa mifugo ambao ndio wangekagua. Kitale kuna KALRO, kuna mashamba ya ADC. Bungoma kuna Kibabii, kuna Sang'alo, kuna Mabanga. Orodha ya miradi inayotumia wanyama ingejaza ukurasa mmoja, na ingebandikwa ofisini bure.

Mwisho, la nyumbani kwako. Mtu amekuja langoni na kisanduku cha baridi na sindano, anataka damu ya ng'ombe wako. Usimfukuze, usimkaribishe kwanza. Omba leseni ya NACOSTI. Imeandikwa jina lake, mada ya utafiti, kaunti alizoruhusiwa na tarehe ya kuisha, na ina msimbo wa QR wa kuskani kwa simu. Kama imeandikwa Kisumu na wewe uko Kapsokwony, hiyo si yako. Kisha omba barua ya kamati ya maadili.

Halafu soma fomu ya ridhaa, au usomewe kwa lugha unayoielewa vizuri. Angalia sehemu inayosema itakuwaje ng'ombe akiumia au akitupa mimba baada ya kushikwa, na nani atalipa. Kama sehemu hiyo haimo, iandikwe kwanza, ndipo utie sahihi.